Tundu la Wilf Stobbart

Mume wa Edna Stobbart alipata ukubwa kwa sababu ya tundu. Wilf alikuwa seremala katika kiwanda cha meli kando ya mto Wear, Uingereza, tena mwakilishi wa chama cha maseremala. Edna alimimina chai kantini hapohapo. Meli waliyokuwa wakimuundia tajiri mmoja Mnorwei ilibakiza vyumba vya mabaharia tu. Ikitoka kwa wakati, Mnorwei angeagiza ya pili. Isipotoka, hapakuwa na kazi nyingine, na hilo kila mtu alilijua.

Kuta za vyumba zilikuwa mbao zilizobandikwa bati. Sasa nani atoboe matundu ya kupitishia nyaya? Maseremala walisema tundu linaanzia kwenye ubao. Mafundi bati wakasema linaishia kwenye bati. Basi keekee za kutobolea zikawekwa chini, karata zikatolewa, na meneja akabaki ghorofani na mvinyo wake wa mchana akingoja watu wachoke wenyewe.

"Si mtoboe kwa zamu," Edna alimwambia mumewe, akimsogezea kikombe.

"Mama, wewe mambo ya chama huyajui."

"Tundu nalijua. Hata panya anatoboa, na kadi ya chama hana."

Meza nzima ilicheka isipokuwa Wilf. "Leo tundu, kesho kazi yote, ndugu zangu," alisema, na wale waliokuwa wakicheka wakatikisa vichwa kwa uchungu kama watu wa matangani.

Mwishowe Mnorwei mwenyewe, mzee wa koti la mvua, aliingia melini, akaokota keekee, akatoboa. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Wilf akapuliza filimbi ya mgomo. Maseremala wakatoka, mafundi bati wakatoka. Kwa mara ya kwanza walikubaliana: tundu si la mwenye meli. Wilf alibebwa mabegani hadi getini.

Meli ya pili iliundwa Japani. Kiwanda kilifungwa, meneja akapewa kiinua mgongo kinono, akaenda kufuga farasi. Edna akawa anafagia ofisi za watu. Wilf husimulia habari za tundu klabuni kila jioni, na kila jioni huzimalizia kwa neno lilelile: tulishinda.

Jumapili moja rafu ya jikoni iling'oka. Wilf aliutazama ubao, akavitazama vishikio vyake vya chuma, akasema ataishughulikia kesho, akarudi kwenye gazeti.

Edna alikwisha kushika keekee.

"Kaa hapohapo, ndugu," alisema. "Ukitaka kugoma, mlango ule."