Kuku Wangu na Kichanga cha Ukoo

Naandika hasira ikiwa bado ya moto, maana nikipoa nitaanza kumtetea mjomba, na hastahili.

Niliporudi nyumbani Marambo baada ya ndoa yangu kuvunjika, ukoo ulinipa kipande cha ardhi ambacho hakuna aliyekitaka. Kwetu ardhi inafuata upande wa mama, na msemaji wake ni mjomba, kaka yake mama, ambaye anaishi Likunja. Alinionyesha mipaka kwa fimbo huku anacheka. Kilikuwa udongo wa kichanga mtupu, muhogo wenyewe ulitoka mwembamba kama kidole. Nikaanza kufuga kuku wa mayai, wale wa kuachiwa.

Watu hudhani kuku wa kuachiwa anajitembeza mwenyewe. Uongo! Kuku ni mvivu, tena anamwogopa mwewe. Ukimjengea banda atazunguka mlangoni hapohapo, atakunya hapohapo, mpaka udongo wa mlangoni uungue na nyasi zisiote, na mvua ikija uchafu wote uteremke kisimani kwa watu. Mbele kidogo tu ardhi inakufa njaa. Kwa hiyo banda langu nililifunga kwa mianzi, jepesi, na kila nilipoona chini pamekuwa kipara niliwaita majirani tukalibeba, kila mtu na kona yake, tunaimba kama tumembeba bwana harusi. Nikapanda mbaazi kwa mistari ili kuku wapate pa kujificha wakienda mbali. Maji yao niliyaweka mwisho kabisa wa shamba, makusudi, wayafuate. Kinyesi cha bandani sikukimwaga kibichi, kwa sababu kibichi kinaunguza mimea. Nilikichanganya na majani makavu ya mikorosho, nikakiacha kioze, halafu nikakibeba kichwani hadi kule ambako kuku hawafiki. Miaka! Mgongo wangu unajua.

Na kichanga kikabadilika rangi. Mahindi yakanipita kichwa. Mama lishe wa Nachingwea mjini wakawa wanayaulizia mayai yangu kwa ajili ya kiini chake cha njano iliyokolea.

Ndipo mjomba alipokuja. Shikamoo, marahaba, akala wali wangu na kuku wangu, akanawa, akatoka kwenda kutazama shamba. Akachota udongo kwa vidole, akaunusa.

"Mpwa wangu, hapa pamepona," akasema. "Msimu huu kijana wangu atalima ufuta hapa. Wewe hamishia kuku kule juu."

Kule juu ni kichanga kingine.

"Mjomba, hapa nimepatengeneza mimi."

"Kuku hawalimi, mwanangu. Ardhi nzuri ya nini kwao? Na udongo ni wa ukoo."

"Ukoo ulinipa mchanga. Huo unaounusa ni mavi ya kuku wangu! Na huyo kijana wako ni wa ukoo wa mama yake, si wetu. Hiyo mila mnaikumbuka kwangu tu?"

Akasema sina adabu, ndiyo maana ndoa ilinishinda. Fadhila za punda ni mashuzi, na mimi nilishampikia hadi wali.

Nikamgeukia mama. Alikuwa ameinamia ungo wake wa choroko, anachambua. Ardhi ile inapita kwake, na neno lake moja kwa kaka yake lingetosha. Alichambua tu. Mjomba alipokwisha kupanda bodaboda yake na kuondoka, ndipo mama akainua uso.

"Mwanangu, hama tu. Una mikono wewe. Utapatengeneza tena."

Alidhani ananifariji. Mjomba niliweza kumjibu, lakini neno hilo la mama lilinichoma, maana walikuwa wameshanipangia kazi. Mimi niponye, wao wavune.

Tukabeba banda, hakuna aliyeimba. Jioni ile kuku walirudi palepale walipozoea kulala, na kijana wa mjomba akawa anawafukuza kwa mawe. Niliwakusanya mmoja mmoja, nikawabeba kwapani, nikawafungia bandani mpaka wakazoea. Mimi sijazoea.

Lakini naendelea. Kuku hawajui kugoma, wanakunya tu, na mimi siwezi kuona kinyesi kinarundikana mlangoni nikanyamaza. Nimeshapanda mbaazi. Juzi mvua ilinyesha, nikafukua kidogo chini ya majani yaliyooza, nikakuta nyungunyungu, wa kwanza kule juu, mnene, anajipinda kwenye udongo ulioanza kuwa mweusi. Zamani ningemwita mama aje aone. Nilimfukia haraka, nikasawazisha mchanga juu yake kwa kiganja, nikatazama njiani kama kuna mtu anakuja.