Kibanda Ambacho Mama Hakukikalia

Wiki iliyopita nilipita Gisenyi, nikakaa kula brosheti, mishikaki ya huko, mahali fulani kando ya ziwa ambapo wamejenga vibanda vya majani kwa ajili ya wageni. Mvua ikaanza, paa likavuja, tone likaangukia sahani yangu. Mhudumu aliniomba radhi. Nilikasirika kweli, ila si kwa ajili yake. Nilimkasirikia bibi yangu, ambaye yuko kaburini miaka mingi sasa.

Ngoja nikueleze. Bibi, mama yake baba, alipokuwa msichana alipika kwa Wayahudi huko Lubumbashi, familia ya mfanyabiashara wa vitambaa. Mama wa nyumba ile alimfundisha kwamba Torati, vile vitabu vitano vya Musa, husomwa kipande kwa kipande, kila juma na sehemu yake, mpaka mwaka uishe, halafu unaanza upya. Bibi alibaki Mkristo, Jumapili alikwenda misa kama watu wote. Ila Jumamosi, sisi watoto tukitamani kwenda kuogelea, alitukalisha jikoni na Biblia yake ya Kiswahili inayonuka moshi.

Na kila kipande kilikuwa lazima kiingie nyumbani mwetu. Juma la Nuhu, tulizibua mfereji. Juma la ukoma wa nyumba, tulikwangua ukungu ukutani hadi vidole vikachubuka. Juma la Yakobo, tulikula dengu. Nikisikia "Bwana akanena na Musa" nilijua baada ya Musa ni zamu yangu.

Hayo tuliyavumilia. Kilicholeta vita ni sikukuu ya vibanda, ile ambayo Torati inaagiza watu wakae siku saba katika vibanda vya majani. Hatukuwa tumekaa sana tangu turudi Gisenyi kutoka kambi za Congo. Baba alifia huko, chini ya shitingi, zile turubai za plastiki walizopewa wakimbizi. Mama alirudi na neno moja: hatakaa tena chini ya kitu kisicho bati. Basi mwezi ulipopevuka, mvua zimeshika na watu wa Mudende, kule milimani, wanapalilia viazi, bibi akaanza kuchimba mashimo uani. Sikukuu ya mavuno, wakati sisi hatujavuna hata jani! Akasimamisha miti ya mikaratusi, akaezeka kwa majani ya migomba, na matundu akaacha makusudi. Lazima nyota zionekane, alisema. Nyota gani, na mawingu yale?

Jirani yetu, aliyevuka mpaka kila asubuhi kuuza nyanya Goma, alichungulia juu ya ua akacheka.

"Ee, mama mukubwa! Uko na nyumba ya mabati, unaenda kula mu kichaka? We uko mbuzi?"

"Mbuzi ni we, unakula bila kusali," bibi akamjibu.

Mama hakucheka. Alisimama mlangoni, mwiko mkononi. "Mama, mi natoka mu shitingi. Bwana yangu alikufia mule. Leo unanirudisha?"

"Imeandikwa batu bote ba nyumba bakae ndani. Haiko siku mingi."

"Mwenye aliandika hakukaa mu kambi."

"Alikaa mu jangwa mupaka nywele zikakuwa nyeupe!"

Mama akaingia ndani. Juma lile tukala tumegawanyika: bibi na sisi kibandani, mama peke yake jikoni. Kila jioni bibi alinituma nikamwite, na kila jioni mama alinirudisha: mwambie nimeshiba. Nilikwenda na kurudi kwenye mvua na sahani ya maharagwe yaliyokwisha kuwa supu. Nilichoka nao wote wawili.

Jioni ya mwisho bibi alikwenda mwenyewe mlangoni, bila Biblia.

"Na mi nilimuzaa, yule bwana yako," alisema taratibu. "Kule mu kambi hatukujenga kwa kupenda. Siku ya kutoka hatukubomoa, tulikimbia tu. Hii nimejenga na mikono yangu, na kesho inabomoka. Basi."



Asubuhi, kabla ya chai, tulisikia panga. Mama alikuwa uani, kitenge kimekazwa kiunoni, anakata kamba, anang'oa miti, anarusha majani hadi kwa jirani. Alilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, hata siku tulipomzika baba. Bibi alikaa kwenye kigoda akimtazama.

"Na ule muti wa kona," akamwambia, "umeusahau."

Tangu hapo ikawa hivyo kila mwaka. Bibi alijenga, mama alinuna na hakuingia hata mara moja, na siku ya mwisho alibomoa.

Leo kiwanja kile kina mwenyewe mwingine, na ua mzima ameumwagia saruji. Mama naye ametutoka. Nikijaribu kusoma kipande cha juma, nasoma, nafunga, na hakuna anayenituma kazi. Inaniudhi kuliko ilivyoniudhi kutumwa. Lakini kinachonikaa rohoni ni ule mwaka bibi alipokufa. Mwezi ulipevuka, mvua ikanyesha, hakuna aliyechimba shimo. Juma likapita. Asubuhi moja mama alizunguka ua mtupu, panga mkononi, kisha akatugeukia kwa hasira, kana kwamba ni sisi tuliomficha bibi.

"Sasa," akauliza, "mi nabomoa nini?"