Begi la Mama Mkwe Siku ya Krismasi

Nilipanga safari hii kwa sababu moja: nilitaka kumchukua binti yangu Kemunto. Nilimwacha akiwa na miaka miwili nilipokwenda Qatar kufanya kazi ya umeme. Mama yake, Moraa, naye alipata kazi Nairobi, basi mtoto akalelewa na nyanya yake mzaa mama huko Kebirigo. Sasa ana miaka minane. Mimi nimerudi tangu Julai, nimejenga nyumba ya vyumba vinne pembeni mwa mji wa Kisii bila kumwomba mtu hata msumari, diploma yangu ya umeme imetundikwa sebuleni, na chumba cha Kemunto nimekipaka rangi ya waridi kwa mikono yangu. Lakini kila tulipokwenda kumchukua palizuka jambo. Mara shule haijafunga, mara ana homa, mara "tungoje kidogo". Kazi yangu ni kutafuta hitilafu. Taa ikizima mara tatu, sisemi ni bahati mbaya. Nilijua mama mkwe hataki kumwachilia mtoto.

Ndipo nikaamua kuwapeleka wote kwenye bustani mpya ya burudani mjini Kisii siku ya Krismasi. Kemunto akiona mambo ambayo Kebirigo hakuna, nilijiambia, atajua baba yake ni nani.

Saa tatu asubuhi tulifika Kebirigo, mimi na Moraa, ndani ya gari langu jeupe nililoliosha mara mbili. Sokoni watu walikuwa wakigombea kuku na parachichi. Nyumba ya mama mkwe iko ndani kidogo, michai imepandwa karibu kufika mlangoni. Yeye ni Msabato: anakuza chai mwaka mzima na, kwa imani yake, haionji. Kwake utapewa uji wa wimbi.

Alisimama kando ya jiko la nje, hatua nne kutoka kwangu, akitazama michai.

"Kemunto, mwambie baba yako uji uko mezani."

"Baba, nyanya anasema uji uko mezani."

Kwetu Ugusii, mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono wala hawakai pamoja. Hata maneno yao mara nyingi hupitia kwa mtu wa tatu. Naijua desturi hiyo tangu utoto na ninaiheshimu. Ila siku hiyo niliona ni kichaka kizuri cha kujifichia. Mtu asiyekutazama machoni, utajuaje anachopanga?

Kisha nikaliona begi. Lilikuwa begi kubwa la bluu, zipu imekufa, limefungwa kwa kamba ya katani. Nilinyoosha mkono nilibebe.

"Kemunto, mwambie baba yako aache."

Akalibeba mwenyewe hadi kwenye buti ya gari, akihema. Nikamvuta Moraa kando.

"Mama yako anahamia kwangu?"

"Wewe endesha gari, Baba Kemunto."

"Mtu haendi kutembea siku moja na begi kama lile."

"Endesha gari, nimesema."

Njiani kutoka Kebirigo, hata tulipopita Nyamira mjini, jicho langu moja lilikuwa barabarani na jingine kwenye kioo. Nyuma, nyanya alikuwa ameinama sikioni mwa mtoto, ananong'ona. Kemunto aliitikia kwa kichwa huku akitazama shingo yangu.

"Nyanya anakwambia nini?" nikauliza.

"Hakuna."

Jibu hilo nalifahamu. Ndilo mafundi hunipa wakishaunganisha waya vibaya.

Saa tano tuliingia bustanini. Mlinzi aliikataa ndoo ya ndizi za kuchemsha ya mama mkwe, kwamba chakula cha nje hakiruhusiwi. Mama mkwe alipokwisha kumwambia kwa Kigusii yeye ni mtoto wa nani na amelelewa na nini, akairuhusu. Ndani, misonobari ilikuwa imebandikwa pamba ionekane kama theluji. Familia zilizotoka upande wa ziwa zilikuwa zimevaa sare za kitenge, kubwa kwa ndogo. Niliona taa za Krismasi zimeungwa kwa utepe mtupu karibu na maji, nikamwita fundi wao nikamwonyesha kosa. Alinishukuru. Nilitumaini Kemunto ameona. Alikuwa akimtazama Mzee wa Krismasi, aliyekuwa akitokwa jasho ndani ya koti zito jekundu.

"Na wewe mrembo, ni mtoto wa nani?" Mzee wa Krismasi akamuuliza.

"Wa nyanya," Kemunto akasema.

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimgeukia mama mkwe, naye alikuwa amegeukia uzio wa bustani.

Saa saba tukafika kwenye gurudumu kubwa, lile linalopandisha watu juu kwenye vibanda. Nilikata tiketi za kibanda cha watu wanne, familia nzima. Mama mkwe akarudi nyuma.

"Kemunto, mwambie baba yako nitabaki chini."

Hapo hasira ikanipanda. Nikaona anataka mtoto naye akatae. Nikamshika mama mkwe kiwiko, nikamsukuma taratibu kuelekea kibandani.

Foleni nzima ikatugeukia. Mwanamke mmoja nyuma yetu akaziba mdomo kwa kitenge.

"Baba Kemunto!" Moraa akasema. "Umemshika mama?"

Mama mkwe alikwenda akaketi kwenye benchi, akatugeuzia mgongo. Moraa akamfuata. Tukapanda mimi na Kemunto peke yetu, nikijua kwamba sasa nimempa yule mama sababu halali ya kuninyima mtoto.

Kule juu gurudumu lilisimama ili wengine wapande. Kibanda kikayumba. Kemunto akanishika mkono wa shati, akakaza.

"Unaogopa?"

"Nyanya aliniambia nikiogopa nisimtafute yeye, nikushike wewe."

"Alikwambia lini?"

"Kwenye gari. Akasema nisikwambie, utadhani nimetumwa."

Milima yote ya Kisii ilikuwa chini yetu, na sikuwa na la kujisifia.

"Na lile begi?"

"Ni nguo zangu. Na sare, na blanketi. Nyanya alilifunga jana, akalifungua, akalifunga tena. Kuku wangu alikataa kuingia."

"Mbona alikuwa akisema tungoje?"

"Nilikuwa nalia. Nyanya alisema nikija nikilia utafikiri sikutaki."

Tuliposhuka, nilikwenda hadi hatua nne kutoka kwenye benchi, nikageuka, nikatazama uzio kama yeye.

"Kemunto, mwambie nyanya kwamba baba yako amekosa. Anaomba msamaha."

Kemunto akazipita hatua zile nne, akarudi.

"Nyanya anasema hilo gurudumu linazungusha watu vichwa hata kabla hawajapanda."

Moraa alicheka hadi akashika mbavu. Tukala ndizi, kila mtu upande wake.

Saa kumi, tulipoondoka, nilitaka kumpeleka mama mkwe mpaka Kebirigo. Alikataa. Aliomba ashukie stendi ya mjini, kwa sababu Kemunto angeiona ile nyumba tena, safari ingeharibika. Alishuka na ndoo yake tupu. Buti hakuitazama.

"Kemunto, mwambie baba yako unaogopa giza. Aache taa moja."

"Hiyo simwambii!"

"Mwambie."

Kemunto akainamisha kichwa. Mimi nikajibu nikitazama usukani: "Mwambie nyanya nitakuwekea taa ndogo juu ya kitanda chako. Hiyo kazi naiweza."

Nimetafuta hitilafu kwenye majengo ya ghorofa arobaini, na safari hii niliitafuta mahali ambapo haikuwapo. Yule mama alikaa mbali nami siku nzima kwa heshima, na kwa umbali uleule akanikabidhi mtoto. Sasa kila Jumapili tunakwenda Kebirigo, Kemunto na mimi. Lazima niende naye, kwa sababu nina maneno mengi ya kumwambia mama mkwe, na mjumbe wetu anaishi kwangu.