Tai ya Kuazima Mlangoni

Ile hoteli kongwe ya katikati ya mji, jamani, ni upuuzi mtupu uliopakwa chokaa.

Mkurugenzi wangu amefikia pale. Asubuhi nimempelekea jalada ili alisaini kabla ya saa tatu, la sivyo kibarua changu kiote nyasi.

Mhudumu akanizuia kwenye mlango wa chumba cha kulia.

“Kijana, humu alikuwa anakula Gavana wa mkoloni. Bila tai huingii.”

Akaniazima tai yenye madoa ya mchuzi. Nikaivaa, nikaingia.

Ndani, mkurugenzi anakunywa supu. Kavaa fulana ya singlendi na kandambili!

“Shikamoo, mkuu.”

“Marahaba. Msomi mzima, huoni aibu kuvaa tai chafu mbele za watu?”

Akasaini.

Nami nikamwambia asante. Ndiyo, asante!

Haya, nichekeni.