Mikwaruzo kwenye Vibao vya Njano

Shangazi yangu ana miaka ishirini na miwili ya kufundisha, na darasa zima humwita Shangazi. Kosa ni langu. Nilipoajiriwa kuwa msaidizi wake, siku ya kwanza nilisahau kumwita Mwalimu. Watoto wakalidaka neno, na sasa hata mlinzi wa getini, anayemzidi umri, analitumia bila aibu.

Anafundisha maumbo na eneo kwa vibao vya mbao. Haandiki kanuni ubaoni. Hutandika mkeka sakafuni, akaweka mstatili wa njano uliochorwa miraba, watoto wakahesabu: kumi kwenda, tano kupanda, hamsini. Kisha hutoa msambamba, lile umbo lililoinama, uliokatwa vipande viwili. Hukiondoa kipande cha pembetatu upande huu, akakipachika upande ule, na umbo lililoinama likanyooka kuwa mstatili uleule. Husubiri mpaka mtoto mmoja agundue mwenyewe kwamba kumbe ni sawasawa.

Mwaka juzi macho yake yalianza kufifia. Daktari alisema ni presha ya macho. Matone yangelinda kilichobaki, ila kilichokwisha kupotea hakirudi. Alinieleza nyumbani mlango ukiwa umefungwa, akanikataza kumwambia mtu. Matone akawa anayatia machoni akiwa amejifungia katika choo cha walimu. Mistari ya miraba, myembamba kama unywele, ndiyo iliyompotea kwanza. Basi Jumamosi moja mchana alikuja na vibao nyumbani, akaniomba nishike rula, akaichimba mistari kwa msumari, mmoja baada ya mwingine, ili vidole vyake viweze kuihesabu.

Jumatatu iliyofuata ilitangazwa kwamba Mwalimu Mkuu angekaa katika kila darasa kutazama somo, na kwamba walimu waliochoka wangepumzishwa kabla ya muhula mpya. Sisi tulipangiwa Alhamisi. Siku zile Shangazi alikuwa akigusa chakula tu na kukisukuma. Watoto wakishaondoka, alihesabu hatua kutoka mlangoni hadi kabatini, kutoka kabatini hadi mkekani, midomo ikicheza bila sauti. Nilimshauri aombe ruhusa ya ugonjwa. Akasema akilala nyumbani siku moja hatarudi tena.

Alhamisi Mwalimu Mkuu aliingia, akakaa kwenye kiti cha watoto, magoti yakamfika kifuani. Watoto wakaziba midomo wasicheke. Akacheka yeye, nami nikapumua kidogo. Somo lilianza vizuri. Vidole vya Shangazi vilipita juu ya miraba bila haraka, na asiyejua asingejua. Mara Mwalimu Mkuu akanyoosha mkono, akakichukua kibao, akakipeleka dirishani kwenye mwanga.

"Nani amekwaruza vifaa vya shule namna hii?"

Macho yote yakamwendea msichana tuliyemwita Chiriku kwa maneno yake mengi, ambaye muhula uliopita alichonga jina lake kwenye dawati.

"Siyo mimi," akasema.

"Kila siku siyo wewe," Mwalimu Mkuu akasema. "Simama. Kesho uje na mzazi."

Chiriku akasimama. Machozi yalimshuka hadi mdomoni na hakuyafuta. Tungenyamaza tu, mambo yangekwisha: mtoto angekaripiwa, wiki ikapita. Nakiri nilitamani Shangazi anyamaze.

"Kaa, mwanangu," Shangazi akasema. "Nimekwaruza mimi, Mwalimu. Mistari siioni."

Mwalimu Mkuu alidhani ni utani. "Huioni vipi?"

"Siioni. Naihesabu kwa vidole."

Akauliza tangu lini, akajibiwa. Akakirudisha kibao mkekani taratibu, kisha akauliza tena, kwa sauti ya chini iliyonitisha kuliko ile ya kwanza: "Na barabara je? Si wewe unayewavusha watoto hawa kwenda uwanjani?"

Nikasema mimi ndiye ninayewavusha siku zote, Shangazi hufuata nyuma. Ilikuwa kweli, lakini sauti ilinitoka nyembamba kama ya mwongo.

Shangazi akaomba amalizie somo, akaruhusiwa. Lakini sasa pembetatu ikawa inagongagonga kando ya kipande kikubwa, isipate mahali pake. Chiriku akapiga magoti, akamshika Shangazi kifundo cha mkono, akausogeza kidogo. Ikaingia. Watoto wakahesabu hadi hamsini kwa sauti ndogo, kama watu walio wodini.

Kengele ilipolia, Mwalimu Mkuu alisimama mlangoni.

"Kuanzia Jumatatu msaidizi wako atafundisha, wewe utakaa pembeni. Ofisi ya elimu itabidi niwaandikie. Watakavyoamua, sijui."

Akaondoka. Shangazi akaanza kupanga vibao kwenye trei, kila kimoja akikipapasa kwanza. Alipofika cha mwisho akaniuliza uso wa Mwalimu Mkuu ulikuwaje aliposema vile.

Nikamwambia ulikuwa wa upole. Sikuwa nimethubutu kuinua macho.