Gunia la Mwenyekiti

Kwa miaka sita Phyllis Chepkosgei alikuwa mwenyekiti wa kituo kimoja cha kununulia majani chai karibu na Litein, na kanisani ndiye aliyeongoza akina mama. Hakuna aliyesema hafai. Ni yeye aliyehangaika mpaka barabara ikamwagwa changarawe ya murram, lori la kiwanda likaacha kukwama. Lakini cheo kina utamu wake, nao humwingia mtu polepole. Mwaka wa kwanza alipanga foleni kama wengine. Mwaka wa tatu watu walimpisha naye akawashukuru. Kufikia mwaka wa sita magunia yake yalipita mbele bila yeye kusema neno, na asipopishwa alikunja uso.

Jumanne moja ya mwezi wa tano, majani yakiwa mengi, alikuwa akimsaidia karani kukagua. Akafungua gunia lililokuwa miguuni pa Metrine, mama aliyetoka Kakamega na mumewe miaka kumi nyuma, wakakodi shamba dogo la chai. Ndani akakuta majani magumu yenye vijiti. Akalimwaga lote mezani, mengine yakaanguka chini.

“Metrine, hivi ndivyo mnachuma huko kwenu? Tunataka majani mawili na chipukizi, si chakula cha ng'ombe!”

Foleni nzima ilisikia. Metrine alipiga magoti, akachambua jani moja moja mpaka lori likafika.

Watu walipotawanyika, karani Mochama alimsogelea Phyllis. “Mama, samahani. Lile gunia lilikuwa lako. Wachumaji wako walilipitisha mbele, likachanganyika na la Metrine. Nimeligeuza nikaona namba yako ya mkulima.”

Phyllis alihisi masikio yakiwaka moto. “Nani mwingine anajua?”

“Mimi tu.”

Siku tatu alizunguka na siri hiyo. Alijiambia kwamba mwenyekiti akidharauliwa kituo kitaharibika, tena alijiambia kwa sauti, jikoni, peke yake. Ijumaa, kwenye mkutano wa akina mama, aliombwa afungue kwa maombi. “Baba, tufundishe kunyenyekea,” alianza, na hapo akakumbuka lile gunia. Akamwomba Fancy, katibu wao, amalizie, akachukua mwavuli akaenda moja kwa moja kwa Metrine.

Alimkuta akipalilia sukuma wiki.

“Metrine, lile gunia lilikuwa langu.”

“Najua, mama.”

“Ulijua?”

“Mimi nafunga langu na kamba ya katani. Lile lilikuwa na kamba ya bluu. Nilijua hata kabla hujalifungua.”

“Sasa mbona ulinyamaza?”

Metrine alijipangusa mikono kwa leso. “Mzee wangu alipolazwa hospitalini, ulituletea maziwa mwezi mzima. Nikajiuliza, nikikuaibisha mbele ya watu, nitapata nini? Lakini ile ya ‘huko kwenu’ iliniuma, mama. Siwezi kukudanganya.”

Phyllis aliketi pale pale kwenye nyasi mbichi, akalia. Mara ngapi alikuwa amewafundisha wengine jinsi Yesu alivyojifunga taulo akainama kuosha miguu ya wanafunzi wake! Na yeye alikuwa amesimama wima, mwenzake akipiga magoti kuchambua uchafu wake.

“Nisamehe.”

“Nilishasamehe. Inuka, utashikwa na baridi.”

Lakini aibu ile ilitendwa hadharani, na Phyllis alijua dawa yake haiwezi kunywewa faraghani. Jumanne iliyofuata alisimama mbele ya foleni, akaeleza kila kitu: gunia, matusi, hata zile siku za kunyamaza. Akasema wakitaka kumwondoa, yuko tayari.

Mzee Okemwa, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, akakohoa. “Mwenyekiti, umemaliza? Basi panga foleni, majani yanakauka.”

Watu wakaangua kicheko, Phyllis akacheka kuwashinda, machozi yakimtoka. Si wote waliofurahi. Chepkorir, mkulima mwenzao, alisema wazi kwamba wataonana kwenye uchaguzi. “Ni haki yako,” Phyllis akamjibu, na akashangaa kwamba neno hilo halikumchoma hata kidogo.

Alibeba gunia lake mpaka nyuma, akawa wa kumi na tisa. Manyunyu yalianza. Kifua chake kilikuwa chepesi kama cha mtu aliyetuliwa kuni mgongoni. Metrine, aliyekuwa mbele yake, akageuka.

“Mama, una miche ya kabeji?”

“Ninayo mingi,” Phyllis akasema. “Tukitoka hapa, twende ukachague.”