Dawa Zilizomsubiri Mgeni Rasmi

Siku ile kule Uvira nilikuwa nimekaa uani kwenye mkeka, kichwa changu katikati ya magoti ya wifi yangu Furaha, ananisuka. Mimi ni mtoto wa Igogo, Mwanza. Niliolewa Kongo na kaka yake, dereva wa lori, ambaye wakati huo alikuwa safarini. Watoto wetu, wangu na wa Furaha, wote wa kunyonya, walikuwa wamelala ndani.

"Tulia basi! Una kichwa kigumu kuliko mume wako."

Alikuwa amemaliza upande mmoja milio ilipoanza sokoni. Tukadhani mtu anagonga bati.

Halikuwa bati.

Tulibeba watoto. Tukakimbilia ziwani.

Furaha akaanguka. Akainuka.

Kwenye boti ndipo nikaona damu. Risasi ilikuwa imempita Furaha pajani. Nikamfunga kwa kitenge changu.

Kutoka Kigoma tulipanda basi hadi Mwanza, mimi nimesukwa nusu kichwa. Mama yangu ana chumba kimoja tu, kwa hiyo tukalala kwenye ukumbi wa kanisa pale Igogo na wengine waliokimbia. Akina mama wa mtaa walituletea uji, sabuni, na kanga zao wenyewe. Hao hasira yangu haiwahusu.

Zahanati walisafisha kidonda, wakasema sindano za kuzuia kisioze hazipo, tukanunue. Hela yote ilikuwa imeishia kwenye boti. Na pale pale ukumbini, meza ya mbele, yalikuwepo maboksi ya dawa, msaada wa wakimbizi. Nesi wa kujitolea alinihakikishia sindano hizo zimo. Maboksi yamefunikwa kitambaa cheupe, yamefungwa utepe.

Nikamfuata mwenyekiti wa kamati.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Wifi yangu mguu unaoza. Naomba mfungue boksi moja."

"Hayafunguliwi kabla ya makabidhiano. Mgeni rasmi anakuja kesho, na wafadhili wanataka picha. Vumilia."

Kesho ilipofika, mgeni rasmi akawa na kikao. Kesho yake akasafiri. Kwaya ikaendelea na mazoezi ya wimbo wa kumpokea, huku Furaha anatetemeka kwa homa pembeni ya meza ile ile. Bado akanitania.

"Wifi, mgeni akiona kichwa hicho atakimbia. Kaa nikumalizie."

Nikakaa. Vidole vyake vikashindwa kushika nywele.

Nilipomfikisha hospitali kubwa, daktari aliuliza kwa nini tumechelewa. Ningemjibu nini? Kwamba tulikuwa tunasubiri mtu aje akate utepe?

Furaha alifariki alfajiri. Mchana wake mgeni rasmi akafika.

Walinisukuma mbele nipokee boksi kwa niaba ya wakimbizi.

"Dada, tabasamu kidogo," mpiga picha akasema.

Nikauchana ule utepe kwa meno. Nikatoa sindano, nikamwekea mgeni rasmi kiganjani.

"Mwenyewe yuko mochwari. Mpelekee."

Mwenyekiti akaninong'oneza kwamba nimewaaibisha. Nimewaaibisha mimi!

Mtoto wa Furaha sasa anakimbia, anagombana na wangu, ananiita mama. Siku moja ataniuliza nani alimuua mama yake. Wenye bunduki siwajui hata sura. Mwenyekiti nakutana naye kila Jumapili mlangoni mwa kanisa, anasimama kidogo, anasubiri.

Shikamoo yangu hajaipata tena.